Ndama Wasio na Ngozi

Dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, hakuna dawa ya ndama aliyezaliwa hana ngozi. Sijaishiwa. Haipo. Haipo kwangu, haipo kwa jirani yangu wa duka la pili, wala kwenye miji mikubwa mnakodhani kila kitu kipo. Nauza dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chumvi ya kulamba, poda ya vidonda, sindano na mabomba yake. Ngozi siuzi. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka mdomo umechoka, na bado simu inaita kutoka nyumbani Igowole: "Mwanetu, tutumie ile poda kwenye basi. Si yangu, ni ya jirani. Halafu usimwambie mtu."

Ni ya jirani! Jirani gani huyo asiyekwisha? Kila mwenye simu ana jirani, na kila jirani ana ndama mwenye miguu myekundu. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka. Mimi nina hasira, nimezaliwa nazo, na jambo hili limezikuza.

Nianze na kikundi. Kijijini kwetu kina mama na wazee wachache wa kanisani walianzisha kikundi cha ng'ombe wa maziwa, na utaratibu wake ni mzuri, hilo silipingi. Ukipewa mtamba unamlea, anazaa, na ndama jike wa kwanza hawi wako. Unamkabidhi kwa jirani anayefuata, naye anamlea, anazaa, anamkabidhi mwingine. Hakuna anayemnyima mwenzake. Siku ya kukabidhi ndama anavishwa kanga shingoni, watu wanaimba, mwenye kupokea anacheza mpaka viatu vinatoka. Mama yangu alipopokea wake alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumzika baba, na nilimwona akicheza vile nikajua ataishi.

Sasa, ng'ombe wanazungushwa, lakini dume ni lile lile. Dume la kikundi. Linakaa kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye mwenyekiti. Lina mgongo mpana, madoa meusi na meupe kana kwamba mtu alikaa akayachora, na upole wa kuwafanya watoto wa shule wasimame pembeni yake wakilikuna shingo. Baba mdogo alilipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote, mke wake mwenyewe alikuwa akisema hivyo akicheka, ila hakuwa anatania. Na sheria ya kikundi ilikuwa moja tu, kubwa: ng'ombe wa kikundi hapandwi na dume la nje. Ukikiuka, unatolewa wewe na ng'ombe wako na ndama wako.

Kwa hiyo piga picha mwenyewe. Dume linazaa na jike. Ndama jike anavushwa kwa jirani. Anakua, anashika joto, yaani anataka dume, anapelekwa wapi? Kwa dume. Lile lile. Baba yake. Anazaa, ndama jike anakwenda kwa jirani wa tatu, anakua, anapelekwa kwa nani? Kwa baba yake ambaye pia ni babu yake. Na watu wanaimba.

Ng'ombe wa mama alikuwa binti wa dume hilo. Alipozaa mara ya kwanza nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kumsaidia kuvuna maharage. Kulikuwa na ukungu ule wa kwetu wa asubuhi, ambao huoni hata mti wa chai ulio mbele yako. Mama akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nikakimbia bandani. Ndama alikuwa amelala kwenye nyasi, mzima, macho maangavu, masikio yanacheza. Lakini kuanzia magotini kwenda chini hakuwa na kitu. Hakuna nywele, hakuna ngozi. Nyama nyekundu mbichi, inang'aa, kama mtu alianza kumchuna akaitwa akaenda. Kwato zilikuwa zimelegea. Kwenye ulimi pia palikuwa na bamba jekundu, kila akijaribu kunyonya anaachia.

Mama yake alikuwa anamlamba. Anamlamba miguu ile, na ndama anatetemeka. Nililia, sioni aibu kusema.

Mama akaanza kumfunga vitambaa vya kanga. Tukampaka kila nilichokuwa nacho kwenye mkoba. Tukamkamulia maziwa tukamnywesha kwa chupa. Alikufa ijapo tulimpenda, na jirani wa kwanza aliyefika akauliza, "Ulimweka karibu na moto?" Wa pili akauliza kama mama hakumwaga maji ya moto bandani. Wa tatu hakuuliza kitu, alitazama tu miguu ile, akamtazama mama, akaondoka bila kunywa chai. Huyo wa tatu ndiye aliyemuumiza mama.

Mwaka uliofuata, tena. Vile vile, miguu vile vile, na safari hii sikio moja limeganda kichwani.

Ndipo maneno yakaanza. Eti mama ana mkosi wa ujane. Eti kuna mtu amemfanyia. Eti ng'ombe yule ana tumbo baya. Jamani, ng'ombe yule! Alikuwa anatoa maziwa ya kutosha nyumba nzima na ya kugandisha mtindi, ambao mama aliuza kwa wachuma chai. Zaidi ya maziwa, alikuwa mtu wa kuongea naye. Mama alikuwa anamsimulia habari za siku nzima, nani kafiwa, nani kaolewa, bei ya mbolea, na ng'ombe anasikiliza akicheua. Nilipomwambia mama ahamie kwangu Mbeya alinijibu, "Nimwachie nani huyu?" Mimi ndiye mwanawe, lakini swali lilikuwa la ng'ombe.

Kikundi kikakaa, kikaamua. Baba mdogo akaja mwenyewe kumwambia, maana ni shemeji yake na hakutaka alisikie njiani. "Shemeji, tumekuvumilia. Akizaa ndama mbovu tena, ng'ombe aende mnadani Mafinga akachinjwe. Tumeona si salama kwa wengine." Na aliyekuwa kwenye foleni ya kupokea ndama kutoka kwa mama, mjane mwenzake anayekaa ng'ambo ya kijito, alikuwa amekwisha jenga banda. Banda tupu, na majani ya ng'ombe ameyapanda mpaka yameota mengi yasiyo na wa kuyala. Mama alikuwa akipita pale anageuza uso.

Mimi nikarudi dukani, nikamshika mtaalamu wa mifugo ambaye hununua vifaa kwangu. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuhitaji kutazama mara mbili. "Huo ni ugonjwa wa kurithi," akasema. "Anazaliwa nao. Hamkumchoma, hakurogwa. Baba anaubeba umejificha, mama anaubeba umejificha, wote wawili unawaona wazima, wamenona. Mtoto akiupata pande zote mbili, ndiyo hivyo." Akaniuliza dume ni la nani. Nikamwambia. Akaniuliza mama wa ndama ni binti wa nani. Nikamwambia. Akashika kichwa. "Mnamrudisha mtoto kwa baba yake?"

Akaniambia na dawa yake, ambayo ndiyo hii nisiyoiuza: badilisheni dume. Basi! Ng'ombe wa mama akipata mbegu ya dume lingine safi, ndama atazaliwa na ngozi yake. Anaweza naye kuubeba kimyakimya, ndiyo, hivyo asirudishwe kwenye dume lile. Lakini ngozi atakuwa nayo.

Nilifurahi! Nilidhani nimeshinda. Nikapiga simu nyumbani, nikadhani nikiwaeleza watasema ahsante. Wakanijibu kwamba tatizo ni la ng'ombe wa mama peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuzijua zile simu za "ni ya jirani". Maana mimi ndiye mtoto wa nyumbani mwenye duka la dawa, na nilipoanza kuzikumbuka moja moja nikagundua kumbe hazikuwa za kijiji kizima. Zilikuwa za wanakikundi watupu. Katibu alinipigia. Mama wa kwaya alinipigia, akinong'ona, eti ndama wa shemeji yake kachubuka kidogo miguuni. Mzee mmoja alinipigia usiku wa Krismasi. Kila mmoja alimzika wake nyuma ya mgomba, kimya, akaenda ibadani akaimba. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye mkosi. Wa mama ulijulikana kwa sababu mama hajui kuficha, na kwa sababu hiyo wakamwekea yeye mzigo wote.

Na mimi nilikuwa nimewaahidi wote kunyamaza! Elewa hasira yangu ilivyo hapo.

Nikaenda kwenye mkutano wao. Ulifanyika kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mabenchi yamepangwa ukutani, wanawake upande wao na wazee upande wao. Nikasalimia, shikamooni, kamwene, nikaitikiwa vizuri. Mimi ni mtoto wao, wamenilea. Nikaeleza taratibu kama mtaalamu alivyonieleza. Waliitikia kwa vichwa. Kwetu mtu akikuitikia kwa kichwa hajakubali, anakuheshimu tu umalize uketi.

Baba mdogo akajibu kwa upole. "Binti yangu, ahsante kwa elimu. Lakini dume hili lingekuwa na ugonjwa tungeuona kwenye ngozi yake. Lione lilivyo. Na tatizo liko kwa ng'ombe mmoja tu."

"Si mmoja, baba mdogo," nikasema. "Humu ndani wako wengine."

Macho yote yakaenda sakafuni. Katibu akaanza kukuna kidole. Mama wa kwaya akajitanda kanga vizuri ambayo ilikuwa imekaa vizuri tayari.

"Nani?" baba mdogo akauliza. "Taja."

Sasa nitaje nani? Niliapa. Nikawatazama mmoja mmoja, nikiwaomba kwa macho, semeni nyie wenyewe, mumwokoe mwenzenu. Mama yangu ameketi kwenye benchi la mwisho, mikono mapajani, na hawa watu wanaojua ukweli wanatazama sakafu. Hakuna aliyefumbua mdomo. Hata kukohoa.

Hapo nikapoteza adabu. Nikasema, "Nyie! Nyie ambao kijana akileta mchumba mnamuuliza ukoo wake, mwiko wake wa chakula, bibi yake alitoka wapi, mpaka msichana analia! Mmekwisha vunja posa ngapi kwa sababu watoto ni ndugu wa mbali? Halafu ng'ombe mnamwoza kwa baba yake mzazi na kanga mnamvisha!"

Loh! Ungedhani nimevua nguo. Mzee mmoja alisimama akachukua kofia yake. Wanawake wakasema "Yesu wangu" kwa pamoja. Mbele ya wazee, kanisani, mtoto wa kike anasema maneno ya baba na binti! Baba mdogo hakukasirika, aliona haya, na hilo lilikuwa baya zaidi. Habari ya ndama iliishia pale pale. Iliyobaki ilikuwa habari yangu: binti amekaa mjini amesahau malezi, duka limempa kiburi, na je, ataombaje radhi.

Niliomba radhi. Nilipiga magoti nikanunua kreti la soda, wakanywa, wakanisamehe, wakaniombea. Dume likabaki. Kuna siku hata leo nikiiona chupa ya soda ya machungwa roho inanipanda.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa napayuka peke yangu. Mama alikuwa kimya, anaokota kuni ndogondogo kama kawaida yake. Tulipofika alimpa ng'ombe maji, akasimama akimshika mgongoni, akaniuliza bila kugeuka, "Huyo mtaalamu wako, mbegu anabebea wapi?"

"Kwenye mtungi wa baridi, mama. Kwenye pikipiki."

"Ana kelele, hiyo pikipiki?"

Nikamtazama. Mama yangu, ambaye hajawahi kuvunja hata zamu ya kufagia kanisa!

Ng'ombe alishika joto siku ambayo kijiji kizima kilikuwa msibani upande wa Njombe. Mama hakwenda, akasema mguu unauma. Mtaalamu alipitia njia ya mashamba ya miti, akaiacha pikipiki chini, akapanda na mtungi wake kwa miguu. Kazi yenyewe haikuchukua muda, mrija unaingia, mbegu inaachwa, kwisha. Mama aliniambia kwa simu kwamba alimshika ng'ombe pembe akimnong'oneza asimwaibishe. Baba mdogo aliporudi akauliza, "Shemeji, ng'ombe wako vipi, bado hajashika joto?"

"Shughuli imekwisha, shemeji," mama akamjibu. "Ulikuwa msibani."

Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Nyumba yake ilikuwa wazi, dume lilikuwepo, na mama hajawahi kumdanganya mtu.

Miezi ile ya kusubiri sikulala vizuri. Mtaalamu alinihakikishia, lakini mimi ndiye niliyeona ile miguu. Kila simu ya mama ilinishtua. Alikuwa ananieleza tu ng'ombe amekula nini. Mwishoni nikafunga duka, nikapanda basi mpaka Mafinga na kuunganisha Igowole, nikakaa naye.

Alizaa mchana, jua limetoka. Mama alikataa kuangalia. Aligeukia ukuta wa mabanzi akafunika uso kwa kanga, akasema, "Angalia wewe." Nikapiga magoti kwenye nyasi. Nikapitisha mkono kuanzia begani, nikashuka, gotini, chini ya goti, mpaka kwato. Manyoya. Manyoya yaliyoloa, mazito, mguu wa kwanza, wa pili, nyuma, yote. Nikafungua mdomo nikaangalia ulimi. Mzima. Nikamgeuza mkia.

"Jike, mama," nikasema. "Na amevaa nguo zake zote."

Mama alikaa chini kwenye samadi akalia. Ng'ombe akamlamba mwanawe, na mwanawe hakutetemeka. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ninaieleza hapa kwa sababu haikuzidi nusu saa.

Maana baba mdogo alikuja. Alisikia vigelegele vya jirani akaja mbio na gumboot zake. Akaingia, akapitisha mkono miguuni kama nilivyofanya mimi, akainuka, machozi yanamlenga. Anampenda mama, nisimsingizie. Alimwomba Mungu sana ng'ombe yule asichinjwe. Akageukia watu waliojaa mlangoni akasema, "Mnaona? Mnaona damu ya dume letu? Nilisema mimi!"

Nikafungua mdomo. Ulifunguka wenyewe. Mama akanitazama, tu. Nikaufunga.

Ningesema nini? Ningesema ukweli, na ukweli ungemtoa mama kwenye kikundi, na ng'ombe wake, na ndama. Mjane wa ng'ambo ya kijito angebaki na banda lake tupu. Ningenyamaza, na dume lingesafishwa jina kwa ndama ambaye halikumzaa. Nilinyamaza. Katibu, yule yule, alimpongeza baba mdogo kwa kumshika mkono muda mrefu. Nilitamani kumng'ata.

Ndama alipoacha kunyonya akakabidhiwa Jumapili baada ya ibada. Kanga nyekundu shingoni, kwaya mbele. Mama alimwongoza kwa kamba, ameinua kichwa, hakuna anayemkwepa sasa. Ng'ombe wake alikuwa hai bandani, anamlilia mwanawe, na hakuna tena aliyetaja Mafinga. Hicho ndicho tulichokipigania, na tulikipata, nakiri. Mjane alipokea kamba kwa mikono miwili akapiga magoti. Kisha akacheza. Alicheza kama mama alivyocheza mwaka ule, viatu vikatoka.

Baba mdogo akatoa hotuba. Akasema waliolisema dume vibaya wamesamehewa. Wote wakanitazama kwa upendo mkubwa. Kisha akamshika mjane bega akamwambia, mbele ya watu wote, "Mlee vizuri. Akishika joto mlete kwangu, usihangaike. Dume lipo."

Mjane akaitikia, "Ahsante, mwenyekiti, ahsante sana," na watu wakapiga makofi.

Nilimfuata alipokuwa anamfunga ndama kwenye mti apumzike. Nikainama sikioni pake. "Mama, nisikilize. Huyu akishika joto, kabla hujampeleka popote, nipigie simu mimi. Mimi kwanza. Usimwambie mtu."

Aliniangalia kidogo, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mwanamke aliyengoja ndama muda wote ule, ana haki ya kucheka.

"We mtoto!" akasema. "Nikupigie wewe, kwani umekuwa dume?"

Akarudi kwenye ngoma akiwasimulia wenzake, nao wakaangua kicheko, wakanivuta katikati nicheze. Mama yangu alikuwa ameketi upande wa pili, mikono mapajani, ananitazama. Nikapiga vigelegele.